Plasta ya Baba

Nakutegea, na usikimbilie mwisho wa ukurasa kutafuta jibu. Nina shamba jeusi, lina mfereji mmoja tu, unazunguka toka ukingoni mpaka katikati. Mkulima wake ana sindano badala ya jembe. Hapandi kitu, lakini kila akipita anavuna sauti. Ni nini?

Umeshindwa? Mji wako sitaki, nikiupata nitauweka wapi kwenye chumba changu hiki. Jibu nakupa bure. Ni santuri, ile sahani nyeusi ya muziki ambayo vijana wa siku hizi wakiiona wanadhani ni ya kuwekea vikombe.

Kwetu sebuleni ilikuwepo mashine ya kupigia santuri, imekaa juu ya kabati fupi lenye mlango usiofunga. Aliinunua mwanangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa muuguzi wa wodi ya wanaume. Aliinunua ikiwa imeshatumika na wengine mpaka imechoka. Santuri zake zilikuwa chache, zote za jazi ya zamani, za tarumbeta na piano na lile zeze kubwa la besi linalopigwa mtu amesimama. Lakini moja ndiyo aliyoipenda. Akitoka zamu, kabla hajavua viatu, anaiweka. Mke wake anatoka jikoni, anavua kandambili, wanacheza hapo katikati ya makochi. Mimi najifanya natafuta kifungo kilichoanguka, ili nisiwatazame.

Mwanangu alipofariki, mkwe wangu hakucheza tena. Ila kila Jumapili mchana aliiweka santuri ile ile, akasimama kando yake na kitambaa cha vumbi mkononi, ikaisha, akafunga mfuniko. Mimi na mjukuu wangu tulijua. Wakati ule hatumsemeshi.

Huyo mjukuu wangu kazi yake ni kufunga vitabu na kutengeneza makasha, kwenye karakana ya uchapaji. Huko ndiko walikokutana na fundi mmoja wa mashine za muziki. Fundi alikuja amekumbatia kasha kubwa la kadibodi, pembe zote zimepasuka, mgongo unaning'inia. Ndani mlikuwa na mkusanyo mzima wa bendi moja ya jazi ya zamani, santuri kwa santuri, pamoja na kijitabu cha picha.

"Naomba ulifunge upya," akamwambia. "Lakini lisionekane jipya."

"Kaka, unataka nilifunge au nilidanganye?"

"Yote mawili."

Akalifunga. Kesho yake fundi akarudi, akasema mfuniko unabana kwa milimita moja.

"Milimita moja ndiyo imekufungisha safari?"

"Ndiyo."

"Nikiitoa hiyo, kesho je?"

"Kesho nitaona nyingine."

Jina la Milimita likamkaa toka siku hiyo, na yeye akamwita mjukuu wangu Gundi, kwa ajili ya vidole vyake visivyotakata. Walipofika mahali pa kuitana majina hayo mbele za watu, nikajua mambo yameiva.

Aliyekuwa hajaiva ni mkwe wangu.

"Mwanamume mzima," alikuwa akisema, "amejaza chumba muziki wa watu waliokwisha kufa. Wewe utalala wapi, mwanangu? Juu ya rafu?"

"Nitalala kitandani, mama."

"Kama hajakipima kikaonekana kimepinda."

Mjukuu wangu alitaka jambo moja tu: mama yake akubali kwa moyo wake, siyo kwa kuchoka kubishana. Ameolewa hajaolewa, yeye na mama yake ni wamoja. Kwa hiyo Milimita alipojitolea kuichukua mashine ya marehemu akaisafishe, na mkwe wangu akasema, "Haya, ila usiiangushe," mjukuu wangu alikuja chumbani kwangu akanikumbatia. Tuliona mlango umefunguka.

Jumapili akairudisha. Imeng'aa, imebadilishwa mkanda, hata ule mlango wa kabati aliutia skrubu ukafunga. Chini ya kwapa amebeba lile kasha lake.

"Mume wangu," nikamwambia, maana mchumba wa mjukuu wangu ni mume wangu pia, hilo halina mjadala, "humo umebeba nini, mahari yangu?"

"Muziki tu, bibi. Humu wimbo mmoja umo mara nyingi."

"Mara nyingi kwa nini? Hawakuujua?"

Akacheka. Mtu huyu akizungumzia santuri uso unamfunguka kama dirisha. "Walikuwa wanaurudia, bibi, siku hiyo hiyo, mpaka upatikane ulio bora. Huo ndio ukauzwa. Iliyobaki ikakaa stoo miaka na miaka. Wenye mkusanyo huu wakaitoa yote."

"Hata waliyokosea?"

"Hasa hiyo! Kuna mmoja, mpiga tarumbeta anaingia kabla ya zamu yake, mwenzake anashindwa kujizuia, anacheka. Unamsikia kabisa. Ndio ninaoupenda kuliko yote."

"Basi nina wake wenza wawili," nikasema. "Huyu mjukuu, na hilo kosa."

Mkwe wangu alitabasamu. Nilimwona. Akakaa kwenye kochi la upande wa dirisha, mikono magotini, kama mgeni nyumbani kwake.

Milimita akatoa karatasi ya duara yenye vidoa vingi, akaiweka juu ya sahani ya mashine, akavuta taa ya mezani karibu. Ikazunguka. "Tazama, mama. Vidoa vikionekana vinakimbia, kasi siyo sahihi. Vikionekana vimesimama, iko sawa. Zamani ilikuwa inakimbia sana. Sasa ona, vimesimama kama askari."

Kisha akatafuta kwenye kasha lake, akatoa wimbo ule ule wa mwanangu, ule uliouzwa, msafi, hauna mkwaruzo hata mmoja. Akashusha sindano.

Sitasema uongo, ulikuwa mzuri. Tarumbeta ilitoka nene, ya chini, haina haraka, kama mtu aliyeshiba anasimulia. Mjukuu wangu alifumba macho. Milimita alikuwa akimtazama yeye, siyo mashine, na kwa jinsi alivyomtazama nikaona haya mimi mzee.

"Huyu ni nani?" akauliza mkwe wangu.

"Ndio wenyewe, mama. Wimbo wa baba."

"Siyo. Hawa wamechoka. Weka yetu."

Milimita akaiweka santuri ya marehemu, yenye mikwaruzo yake. Ikatoka vile vile, nzito, ya chini. Mkwe wangu akasimama.

"Umeifanya nini mashine yangu?"

"Nimeirekebisha, mama. Ilikuwa na uchafu kwenye puli, kile kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda. Kulikuwa na plasta imezungushwa, imekauka, imekuwa nyeusi. Ndiyo ilikuwa inaikimbiza. Nikaibandua."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa."

Nilimwona mjukuu wangu akifumbua macho. Mkwe wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

"Ile plasta aliiweka baba yake huyu. Alitoka nayo wodini. Mashine ilikuwa inavuta miguu, akakaa hapo hapo ulipo wewe, anaichana kwa meno, anaizungusha, ananiambia, 'Mke wangu, hawa watu wanapiga kama wamekosa mshahara, ngoja niwaamshe.' Akawaamsha. Tumecheza hivyo mpaka anaondoka."

"Mama, nisamehe. Lakini..." Na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe, kwa ufundi wake. "Lakini haikuwa sahihi. Kasi yao ni hii. Wenyewe walipiga hivi."

"Wenyewe hawakunioa mimi," akasema mkwe wangu. "Chukua kasha lako. Na mtu anayeingia nyumbani kwangu akatupa vya watu kabla hajauliza, mimi simpi mtoto."

Akaingia chumbani kwake. Mlango wa kabati, ule uliotiwa skrubu, ndio pekee uliobaki umefunga vizuri siku ile.

Dirisha langu liko juu ya ngazi za mlangoni. Sikwenda kusikiliza. Nilikuwa nimekaa kwangu, maneno ndiyo yaliyopanda.

"Nilidhani ni uchafu, Gundi."

"Usiniite Gundi leo."

"Nilidhani ni uchafu. Fundi yeyote angebandua."

"Mpiga tarumbeta usiyemjua, kosa lake unalitunzia kasha, unakuja kulifungisha kwangu, unalalamikia milimita. Kosa la baba yangu umelitupa kwenye ndoo."

"Ningejua ni lake..."

"Ungejuaje, na hukuuliza?"

Gari likapita.

"Mimi nina yangu mengi," akasema mjukuu wangu, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nikikasirika sisemi. Naacha vikombe popote. Kuna siku naamka nalia na sijui nalilia nini. Hujayaona bado, kwa sababu unakuja Jumapili nimeshajipanga. Siku ukikuta kwangu kitu hakiko sawa, utakifanyaje?"

Angekuwa mwongo angejibu pale pale. Wanaume wangapi wana jibu la swali hilo mfukoni, tayari limepigwa pasi! Yeye alikaa kimya mpaka nikatamani kumrushia jibu kupitia dirishani.

"Sijui," akasema. "Sitaki kukudanganya. Mimi nikiona kitu kimepinda mkono unakwenda wenyewe."

"Basi ukishajua, uje. Kama hujui, usije."

Akaondoka mikono mitupu. Kasha alilisahau sebuleni, au alilisahau makusudi, hilo sijamwuliza mpaka leo.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na wanawake watatu na hakuna aliyefungua mdomo kuimba. Mjukuu wangu alikwenda kazini, akarudi, akaosha mikono muda mrefu kupita gundi yenyewe. Jumapili mkwe wangu alifuta vumbi juu ya mashine, pembeni, chini, akafuta hata waya. Hakuiwasha.

"Iwashe," nikamwambia.

"Niwashe nimsikilize nani, mama? Yule wa kwangu hayumo tena."

Mjukuu wangu alikuwa anakunja nguo. "Mama, niulize kitu. Unamchukia?"

"Simchukii. Ana mikono mizuri, mlango wa kabati unafunga. Namwogopa. Mtu anayejua sana lililo sahihi, siku moja atakuambia hata huzuni yako inakwenda mbio mno. Na wewe unampenda, nakuona. Unakunja shati hilo hilo toka tulipokaa."

Kweli, shati lilikuwa limekunjwa mpaka limekuwa kama leso.

"Nampenda," akasema. "Lakini nimemwuliza swali, hajajibu. Wewe hujaniambia nimwache, na mimi sikuambii umsamehe. Nangoja."

"Na asipojibu?"

"Basi kasha lake nitampelekea. Nimelifunga mwenyewe, najua linavyobebwa."

Alisema hivyo kama anayezungumzia mzigo wa mtu baki, halafu akatoka kwenda uani, na nguo zilikuwa zimeshaanuliwa zote.

Milimita alikuja siku ya kazi, alasiri, mjukuu wangu hajarudi. Amevaa shati la karakana, mkononi ana mfuko mdogo wa duka la dawa.

"Hodi."

"Nani?" mkwe wangu akauliza, naye alikuwa ameshamwona kupitia pazia.

"Mimi, mama."

"Mimi yupi?"

"Yule aliyeharibu."

Akamfungulia. Hakumkaribisha kiti, ila alisogea pembeni.

"Umefuata kasha?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba. Kama utaniruhusu niirudishe ile kasi ya baba."

"Utaijuaje, na plasta umeitupa?"

"Siijui," akasema Milimita. "Karakana nzima sina kitu cha kuipimia. Unaijua wewe peke yako. Mimi nimeleta mikono tu."

Mkwe wangu alinitazama. Mimi nikatazama sindano yangu ya kushonea, nikaikuta ina uzi tayari.

"Kaa chini," akamwambia. "Siyo kwenye kochi. Yeye alikaa sakafuni."

Akakaa sakafuni. Akafunua mashine, akatoa mkanda, ikaonekana ile puli, ndogo kama kifungo cha koti. Akatoa plasta kwenye mfuko, akatafuta mkasi wake.

"Alichana kwa meno."

Mtu huyu, ninayekuambia anaona milimita kwenye kadibodi, akaichana plasta kwa meno. Ikatoka imepinda, ina vinyuzi. Akaitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake akiwa uchi. Hakuinyoosha.

"Alizungushia upande gani, mama?"

"Kuelekea kwake. Hivi. Hapana, hivi."

Akazungusha mara moja, akarudisha mkanda, akaweka santuri ya marehemu. Tarumbeta ikaingia.

"Bado. Huyo bado ana usingizi."

Akatoa mkanda, akaongeza plasta, akarudisha.

"Bado kidogo."

Akaongeza tena. Sindano ikashuka, na wote watatu tukaruka, maana piano ilikuwa inamwagika ngazi zote.

"Ee! Huyo sasa anafukuzwa na mbwa!" akasema mkwe wangu. "Punguza, punguza!" Na akacheka. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akashika mdomo kama aliyeiba.

Milimita akabandua kipande, akakichana nusu kwa meno, akakirudisha. Alikuwa anatokwa jasho. Kazi yake yote ni kuondoa kosa, na sasa analitengeneza kwa makini kuliko alivyowahi kutengeneza kitu kilicho sawa. Kila alipomaliza aliinua kichwa, akamtazama mkwe wangu usoni, hakutazama mashine.

Sindano ikashuka tena.

Tarumbeta ikapita, nyembamba, ya juu, ina haraka ya mtu aliyetoka zamu anawahi nyumbani. Ikaingia piano. Nikasikia kandambili zikiachwa sakafuni, moja, halafu nyingine.

"Hapo," akasema mkwe wangu. "Usiguse."

Hakucheza. Alisimama miguu mitupu mahali pale pale, kisigino kimoja kikipiga polepole, machozi yanateremka na hayafuti, na uso wake haukuwa na huzuni ya kumpa mtu pole. Hivyo ndivyo alivyotukuta mjukuu wangu. Alisimama mlangoni na mkoba begani: mama yake peku, mchumba wake sakafuni na uzi wa plasta kwenye kidevu, na baba yake, ni kama alikuwepo, akiwaamsha watu.

Hakuna aliyesema karibu. Wimbo ukaisha.

"Kijana," akasema mkwe wangu, anajifuta kwa kiganja. "Leta na lile kasha lako. Tusikie hao wanaokosea."

Milimita akasita. Na mimi nilijua kwa nini. Santuri zile ni roho yake, hazijawahi kupigwa kwa kasi isiyo sahihi. Ile karatasi ya vidoa ilikuwa mfukoni mwa shati, pembe imechungulia. Niliuona mkono wake ukipanda mpaka kifuani, ukafika mfukoni, ukasimama hapo. Mjukuu wangu naye aliuona. Kisha mkono ukashuka, ukalitafuta kasha, ukatoa santuri, ukaiweka.

Ikapiga mbio, kwa kasi ya muuguzi. Mpiga tarumbeta akaingia kabla ya zamu yake, na yule mwenzake akacheka, kicheko chembamba kama cha mtoto. Milimita alikunja uso kama aliyetafuna kokoto, lakini hakunyanyua kidole.

"Huyu anamcheka nani?" mkwe wangu akauliza.

"Mwenzake, mama. Amewahi kuingia."

"Na wakaacha hivyo hivyo?"

"Waliacha."

"Wamefanya vizuri." Akavaa kandambili zake. "Sasa ondoka sakafuni, utapata baridi. Kuna kiti."

Hakusema zaidi, na sisi tunaomjua hatukungoja zaidi. Akaingia jikoni, nikasikia maji yakijazwa kwenye birika kubwa, lile la wageni wanaokaa.

Mjukuu wangu akaweka mkoba chini. Akaja akaketi kwenye mkono wa kochi, karibu na kile kichwa kilichoinama juu ya mashine, akanyoosha mkono akamtoa uzi wa plasta kidevuni. Vidole vyake vilikuwa na gundi, uzi ukang'ang'ania, wakautazama wote wawili.

"Mama umemjibu," akasema. "Mimi bado."

Milimita akainua macho. Safari hii hakukawia.

"Nikikuta kwako kitu hakiko sawa," akasema, "kabla sijakigusa, nitakuuliza nani alikiweka."